Nani Hulipia Penzi la Elena?

Tamthilia ya The Vampire Diaries ilifikia tamati Machi 10, 2017, baada ya misimu 8 na vipindi 171 kwenye kituo cha The CW cha Marekani. Embulbul, mtaa wa Kajiado Kaskazini ambao wakazi wengi huuita Bulbul tu, mwisho huo haukumaliza ubishi. Waliokuwa kidato cha nne tamthilia ilipoanza, Septemba 2009, sasa wana watoto wanaokwenda shule. Lakini taja majina ya Stefan na Damon, ndugu wawili wanyonya damu wanaompenda msichana Elena, mbele ya wawili wa rika hilo ndani ya matatu ya 111, na mtafika Karen kabla hawajakubaliana.

Wachambuzi huugawa ubishi wa namna hii katika mafungu mawili. La kwanza ni la waliosoma vitabu: je, skrini imeiharibu hadithi? La pili ni la mashabiki wa mapenzi: Elena alimfaa nani? Yote mawili yana haki yake, ila ukiwasikiliza watazamaji wa pembe hii jirani na Nairobi kwa makini, utasikia swali la tatu likijitokeza chini ya hayo mawili. Nani analipia penzi hili? Damu ya nani inamwagika ili hawa wapendane? Nadhani hilo ndilo swali zito kuliko yote, na wala si bahati kwamba linasikika zaidi Afrika Mashariki.

Kitabu kilichokuja nyuma ya skrini

L. J. Smith alitoa vitabu vyake vya kwanza vya The Vampire Diaries mwaka 1991. Kevin Williamson na Julie Plec walipoviandaa kwa televisheni, walibadilisha mengi. Mji wa Fell's Church ukageuka Mystic Falls. Elena wa kitabuni ana nywele za rangi ya dhahabu, macho ya buluu na mdogo wake wa kike aitwaye Margaret; wa skrini, aliyeigizwa na Nina Dobrev, ana nywele nyeusi na kaka mdogo, Jeremy. Ndugu Stefan na Damon Salvatore walitoka Italia ya kale kitabuni. Kwenye tamthilia ni wana wa tajiri wa Virginia, waliogeuzwa wanyonya damu mwaka 1864. Bonnie McCullough, msichana mwenye nywele nyekundu na asili ya Kiselti, akawa Bonnie Bennett, msichana mweusi anayeigizwa na Kat Graham, ambaye baba yake ana asili ya Liberia.

Kwa msomaji wa Marekani aliyekua na vitabu hivyo, mabadiliko hayo yalikuwa kesi. Embulbul kesi hiyo haina mlalamikaji, kwa sababu hadithi ilifika kwa njia nyingine. Wengi hawakumjua Elena kupitia duka la vitabu bali duka la muvi: kibanda chenye kompyuta moja, orodha ndefu ukutani na kijana anayejua kila msimu umeishia wapi.

“Boss, niwekee Vampire Diaries, season ya tatu na ya nne.”

“Leta flashi. Unataka iliyo na maandishi chini?”

“Eeh, hiyo. Wanaongea mbio sana hao.”

Dakika chache baadaye, misimu miwili ya maisha ya Mystic Falls imo mfukoni. Netflix ilipoingia Kenya Januari 2016, wenye intaneti nzuri waliongezewa njia. Na kati ya 2021 na 2023 kampuni hiyo ilikuwa na mpango wa bure nchini kwa wenye simu za Android. Hata hivyo mpangilio haukubadilika: skrini kwanza, kitabu baadaye au kisiwepo kabisa. Sura ya Elena ni ya Nina Dobrev, basi. Anayeambiwa kwamba kitabuni ni wa nywele za dhahabu hucheka, kana kwamba aliyekosea ni mwandishi.

Njia hiyo iliamua pia nani atatazama. Kwenye mabanda ya video, sauti inayotawala ni ya mtafsiri kama DJ Afro, anayeifasiri filamu kwa Kiswahili na Sheng huku akiongeza maoni yake. Tanzania walikuwa na Lufufu, kisha akina DJ Mack. Kazi hiyo hupenda ngumi, bunduki na majambazi. Mapenzi ya kunong'onezana ya Mystic Falls hayakuhitaji DJ. Yalitazamwa chumbani, kwenye kompyuta ya mkononi ya mwanafunzi wa chuo au simu ya dada mkubwa, mara nyingi na wasichana peke yao. Kwa hiyo maoni juu yake hayakupigiwa kelele ukumbini; yalikomaa kwenye mazungumzo ya watu wawili watatu, na ndiyo maana yana undani.

Je, wasiojua kitabu wamepungukiwa? Si sana. Hata huko kilikosomwa, uaminifu kwa kitabu umeonekana kuwa kipimo dhaifu. Tazama True Blood, tamthilia ya HBO ya 2008 hadi 2014 iliyotokana na riwaya za Charlaine Harris. Lafayette, mpishi anayeuawa mwanzoni mwa riwaya ya pili, aliigizwa vizuri mno na Nelsan Ellis hata watayarishaji wakamwacha hai mpaka mwisho, na watazamaji wakafurahi kwamba kitabu hakikufuatwa. Kisha Harris alipotoa riwaya ya kufungia, Dead Ever After, mwaka 2013, wasomaji walewale walimkasirikia yeye mwenyewe kwa kuwa Sookie hakuishia kwa mwanamume waliyemtaka. Wakati huu hapakuwa na skrini ya kulaumiwa.

Kisa cha Smith ni kikali zaidi. Aliandika mfululizo wake kwa mkataba wa kuajiriwa, haki zikabaki kwa kampuni iliyompa kazi. Mwaka 2011 kampuni ikamwondoa na kumpa mtu mwingine kazi ya kuendeleza vitabu. Miaka michache baadaye aliurudia ulimwengu aliouumba kupitia jukwaa la Amazon la hadithi za mashabiki, yaani mama mzazi akiandika kama shabiki. Baada ya hapo, kumwambia kijana wa Bulbul kwamba tamthilia si halali kwa kuwa imekiacha kitabu ni kumtetea mwenye mali ambaye alishanyang'anywa mali yenyewe.

Ndugu wawili, na wazee hawapo

Tuje kwenye fungu la pili, lenye kelele nyingi. Mashabiki wa ng'ambo waliwagawa Stefan na Damon kama wachumba wawili sokoni: mmoja mpole anayejilaumu, mwingine mtundu mwenye mdomo. Huku kwetu kuna jambo jingine linalotangulia. Hawa ni ndugu wa tumbo moja, na Damon ndiye mkubwa.

Embulbul ni mtaa wa mchanganyiko: Wamaasai wenye ardhi, Wakikuyu, Waluhya, Wakisii, Wakamba, Wajaluo, wenye kanisa na wenye msikiti. Desturi zao za ndoa hazifanani. Baadhi zilimruhusu ndugu wa marehemu amchukue mjane. Nyingine zinaliona hilo kuwa haramu. Lakini kila moja ilikuwa na utaratibu, na wazee wa kuusimamia. Kwa hiyo lalamiko linalosikika mara kwa mara si “kwa nini amemchagua Damon” bali “kwani hawa hawana watu?” Hawana mjomba wa kuwaketisha? Hawana shangazi wa kumvuta Elena pembeni?

Lalamiko hilo, ambalo shabiki mzoefu angeliona la kishamba, limegusa mtambo unaoiendesha tamthilia nzima. Wazazi wa Elena wamekufa kabla ya kipindi cha kwanza. Shangazi yake, Jenna, anauawa msimu wa 2. Baba wa Stefan na Damon alikufa mwaka uleule wa 1864 mikononi mwa Stefan. Bibi yake Bonnie anafariki msimu wa kwanza. Waandishi wanawaondoa wazee mmoja baada ya mwingine, kwa sababu mzee mmoja mwenye akili angeimaliza hadithi kwa kikao cha jioni moja. Mtazamaji anayeuliza wazee wako wapi ameuona uti wa mgongo wa aina hii ya hadithi: mapenzi ya vijana na viumbe wa ajabu hustawi pale ukoo ulipofyekwa.

Na mwisho wake unampa haki. Stefan anakufa ili mji usalimike, Damon anarudi kuwa binadamu, anaishi na Elena hadi uzeeni, na baada ya yote hayo picha ya kufungia ni ya ndugu wawili wakikumbatiana. Misimu 8 ya kumgombania msichana inahitimishwa na undugu. Wasemao damu nzito kuliko maji hawakushangaa.

Limbwata kwa jina jingine

Mahali ambapo watazamaji wa huku walikuwa mbele ya wachambuzi wengi ni msimu wa 4. Mwishoni mwa msimu wa 3 Elena alikufa akiwa na damu ya Damon mwilini; sasa amegeuka mnyonya damu, na mara moyo wake unahamia kwa Damon. Kisha inagundulika kuwa kuna kifungo: aliyegeuzwa anaweza kumtii aliyemgeuza bila kujua kwamba anatii. Je, anapenda au ametiwa kupenda?

Ng'ambo jambo hili lilizua mijadala mirefu kuhusu hiari na ridhaa. Hapa halikuhitaji utangulizi. Kila anayetembea kando ya barabara ya Ngong ameona vibao vidogo vya bati au karatasi zilizobandikwa kwenye nguzo za umeme: mganga, namba ya simu, kurudisha mpenzi, kufunga mume. Limbwata, dawa ya mapenzi, tunalijua, na tuna sheria zake tayari. Aliyelishwa halaumiwi. Aliyelisha ana kesi hata kama ndoa imekuwa tamu. Na kipimo kimoja tu kinakubalika: dawa ikiisha, penzi linabaki?

Tamthilia ilikuja kukitumia kipimo hichohicho. Msimu wa 6, Elena akiomboleza kifo cha Damon, kumbukumbu zake zote za kumpenda zinafutwa. Damon anarudi, naye anampenda upya bila kifungo. Kwa upande mmoja wa Bulbul kesi iliishia hapo, Damon akaachiliwa huru. Upande mwingine haujaridhika mpaka leo, na hoja yake ina nguvu: wanaofuta kumbukumbu ni walewale wenye uwezo wa kuvuruga akili za watu, na Damon amewavuruga wasichana wengi tangu msimu wa kwanza bila kuhukumiwa. Mashabiki wanaosema “alibadilika” wanahesabu alichomtendea Elena peke yake. Wale wasichana wengine hawakuwahi kupewa kipindi chao.

Bili ya Bonnie

Hapo ndipo swali la tatu linapopata jina, nalo ni Bonnie Bennett.

Tuyapange matukio. Bibi yake, Sheila, anafariki baada ya kufungua kaburi la wanyonya damu kwa uchawi uliomzidi nguvu. Mama yake, Abby, anageuzwa mnyonya damu na Damon msimu wa 3, ili Elena aokolewe. Bonnie mwenyewe anakufa mwisho wa msimu wa 4 akimrudisha Jeremy duniani. Msimu wa 5 anafanywa daraja la wafu, na kila anayevuka humpitishia maumivu yake. Mwisho wa msimu wa 6, Nina Dobrev alipoondoka kwenye tamthilia, waandishi walimlaza Elena usingizi uliofungwa na uhai wa rafiki yake: Elena hataamka mpaka Bonnie afe. Baadaye Bonnie anapata mwanamume wa kumpenda kwa dhati, Enzo, naye anauawa na Stefan. Tangu nyanya mpaka mpenzi, nyumba ya Bennett ndiyo inayotoa na nyumba ya Salvatore ndiyo inayopokea.

Mtazamaji wa Embulbul hahitaji darasa la ubaguzi wa rangi ili aone. Anamjua mtu huyu. Ni yule jamaa anayeitwa usiku kukiwa na mgonjwa, anayechangisha pesa za mazishi, anayelala jikoni wakati wa harusi, na picha zinapopigwa hayumo. Tofauti ni kwamba Mystic Falls mtu huyu ni mweusi, na historia ya hadithi yenyewe inalifanya jambo liwe zito zaidi. Mwaka 1864 Virginia ilikuwa nchi ya watumwa. Babake Damon ni mwenye shamba, Damon mwenyewe alivaa sare za jeshi la Kusini, na Emily Bennett, mchawi wa ukoo wa Bonnie, anaonekana wakati huo akiwa mtumishi wa Katherine, mwanamke mnyonya damu. Tamthilia inapita juu ya utumwa kimyakimya, kisha inaendelea kuwatumia wazao wa Emily kwa miaka 8.

Ajabu ni kwamba wazo la kumfanya Bonnie mweusi lilikuwa badiliko zuri kuliko yote yaliyofanywa kutoka kitabuni. Lilimleta msichana ambaye mtazamaji wa Kiafrika angeweza kumfuata. Lakini waandishi walibadili sura bila kubadili kazi. Kazi ya rafiki msaidizi ilipopewa mtu mweusi mwenye uwezo kuliko wote mjini, ikageuka utumishi.

Mnyonya damu asiyebisha hodi

Kwa nini swali la malipo liwe jepesi kuonekana huku? Sehemu ya jibu ni kwamba Afrika Mashariki ilikuwa na wanyonya damu wake muda mrefu kabla ya televisheni, na hawakuwa wachumba. Mwanahistoria Luise White, katika kitabu chake Speaking with Vampires cha mwaka 2000, alikusanya masimulizi ya zama za ukoloni kutoka Kenya, Uganda hadi Kongo: mumiani wa pwani na Tanganyika, wazimamoto wa Nairobi na Kampala. Ilisemwa kwamba watu walitekwa usiku, wakatiwa ndani ya magari, damu yao ikanyonywa kwa ajili ya Wazungu. Nairobi walitajwa hata wanawake waliowauza wageni wao wa usiku kwa wazimamoto.

Katika kumbukumbu hiyo mnyonya damu hana uso mzuri wala majuto. Ana kazi, mshahara na gari. Hapendi mtu, anachukua. Wajukuu wa wasimulizi hao wanapomwona Damon akisubiri mlangoni, kwa kuwa sheria za hadithi hazimruhusu kuingia nyumba ya watu bila kukaribishwa, wanamwona ameshapiga hatua kubwa ya adabu. Hapo ndipo utamu wa hadithi hizi ulipo: mwizi wa damu amefundishwa kubisha hodi.

Lakini damu haijakoma kuwa na bei. Damon hujimiminia ya mfuko ulioibwa hospitalini, kwenye glasi, ameketi kando ya moto. Kwa mtazamaji ambaye familia yake imewahi kuambiwa ilete watu wa kuchangia damu kabla ya mgonjwa kufanyiwa upasuaji, mfuko ule una jina la mtu. Ndipo mzaha wa Mystic Falls unapokosa kuchekesha watu.

“Zima hiyo kitu”

Limebaki pingamizi la dini, ambalo vijana hulitupa kapuni haraka mno.

“Zima hiyo kitu.”

“Mum, ni drama tu.”

“Drama huanzaga hivyo.”

Mama huyo ana historia nyuma yake. Mwaka 1994 Rais Daniel arap Moi aliunda tume ya kuchunguza ibada za shetani, chini ya Askofu Mkuu Nicodemus Kirima wa Kanisa Katoliki. Ripoti iliyofikishwa bungeni mwaka 1999 ilisema ibada hizo zipo nchini, shule zikiwemo. Waliokuwa shule za bweni miaka hiyo walikua wakionywa juu ya nyimbo, vito na vitabu, na sasa ndio wenye rimoti.

Zaidi ya hofu, kuna suala la aina ya hadithi. Kwa Mwislamu wa Bulbul, majini wametajwa katika Kurani. Kuwepo kwao si ubunifu wa mtu. Jini mahaba, anayemng'ang'ania binadamu kwa mapenzi na kumharibia ndoa, ni tatizo linalosomewa. Kwenye makanisa ya maombezi kuna mume wa kiroho anayemjia mwanamke usingizini, na dawa yake ni kufunguliwa. Filamu za Nigeria kama Nneka the Pretty Serpent ya 1994, na za kutisha alizotengeneza Mussa Banzi Tanzania miaka ya 2000, zilikaa karibu na imani hizo: mpenzi asiye binadamu ni mtego.

Kwa hiyo mama na binti wanatazama kisa kimoja wakitarajia miisho miwili. Binti anasubiri busu. Mama anasubiri ushuhuda. Mama anakosea anapodhani tamthilia inasifu giza bila kuhesabu hasara, maana karibu kila kipindi kina maiti. Binti naye anakosea anapodhani mama haelewi hadithi. Mama anauliza, kwa lugha ya imani yake, swali lilelile la bili: ukimkaribisha huyu, nani nyumbani atalipa?

Kipimo kwa wanaokuja

Tukiyapima maoni yote haya, hayalingani uzito. Ubishi wa kitabu na skrini una faida kwa wanaosoma vyote viwili, na huku ni wachache. Ubishi wa Stefan na Damon ni burudani halali, na utaendelea. Pingamizi la dini linafichua mengi kuhusu mtazamaji, machache kuhusu tamthilia. Linaloieleza tamthilia yenyewe ni lalamiko la kukosekana kwa wazee na la bili ya Bonnie, kwa sababu linaonyesha jinsi hadithi ilivyojengwa: ondoa ukoo, kisha mtwishe rafiki mmoja gharama ambazo ukoo ungezibeba.

Somo hilo lina kazi karibu na nyumbani. Televisheni za Kenya na Tanzania zimejaa tamthilia za Kiswahili, na watazamaji wamethibitisha kwamba wako tayari kuzifuata miezi na miaka. Hadithi za majini na mapenzi zimeandikwa kwa Kiswahili kwa miongo, nyingi zikichapwa kwa mfululizo magazetini. Mtayarishaji atakayezipeleka kwenye skrini atashawishika kuiga Mystic Falls: nyumba kubwa isiyo na wazazi, vijana wawili wazuri, na msaidizi mwaminifu anayekufa kila msimu. Afanye kinyume. Awaache wazee hai na awape maneno ya maana, kwani mvutano wa penzi na kikao cha ukoo unatosha kubeba misimu kadhaa. Mganga, shehe au mchungaji awe mtu mwenye hoja, si kikaragosi. Na yule mwenye uwezo, anayeitwa kila penzi linapoleta maafa, apewe siku ya kukataa. Bonnie angekataa mara moja tu msimu wa 3, tungeona upesi kama penzi la Elena lingeweza kujilipia lenyewe.